Mgahawa Uliouawa na Karibu

Nianze na jambo moja, mtu asije akanisingizia: chakula changu kilikuwa kitamu. Resto yangu haikufa kwa chumvi nyingi, wala kwa mchanga kwenye sombe, wala kwa samaki aliyelala. Wanaosema hivyo ni waongo, na baadhi yao nimewaona kwa macho yangu wakiramba vidole mpaka kwenye kiwiko. Resto yangu iliuawa na karibu.

Ilikuwa hapa Durban, Umbilo Road, chumba kimoja katikati ya saloni ya nywele na fundi wa matairi. Mimi ni mtu wa Uvira na nilipika vya kwetu: bugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, ya kutwanga kwenye kinu, maharage, ndagala, ambao wengine mnawaita dagaa, na samaki mzima wa kukaanga, na kichwa chake na mkia wake. Majani ya muhogo nilinunua kwa mama mmoja wa Msumbiji pale sokoni Warwick, mawese nikayafuata mtaa wa Point kwa Wakongo wenzangu. Kibao cha nje sikuweka. Mtu wa kwetu akipita barabarani, harufu ya ndagala inamkamata shati yenyewe.

Kabla ya hapo nililinda magari, kama mume wangu anavyoyalinda mpaka leo kwenye maegesho ya duka kubwa. Unavaa jaketi la kung'aa, unasimama kwenye mvua, unampungia mkono mtu anayejua kurudisha gari nyuma kukuzidi wewe, kisha anaondoka bila kukutazama. Siku niliyopewa ufunguo wa chumba changu, nilivua lile jaketi nikalirusha juu ya boneti ya gari la bosi, nikamwambia maneno ambayo mwimbaji wa kwaya hatakiwi hata kuyajua. Kwa hiyo mnanielewa. Resto ingekufa, ningerudi kwa mtu yule kumwomba jaketi, na yeye alikuwa anakumbuka kila neno.

Sasa hiyo karibu. Kwetu mtu anayekula hawezi kumwangalia tu mtu anayeingia. Anasema karibu. Na aliyekaribishwa hasemi asante akapita zake, hapana, ananawa mikono na kuketi. Ukila kimya wewe ni mchawi. Ukikataa kula, unamaanisha mwenzako ametia sumu. Nyumbani ni jambo zuri sana, mimi mwenyewe nimelelewa nalo, lakini resto ni kitu kingine. Mwanamume anaingia, anaagiza sahani moja. Rafiki yake anaingia. "Karibu, tukule!" Ananawa. Anaingia shemeji ya yule rafiki. "Karibu, papa!" Ananawa. Mpaka mchana unapokolea, meza nzima imezunguka sahani ile moja, wanaongea siasa za nyumbani kwa sauti, na mimi ninawaletea nini? Maji ya kunawa. Kwangu maji yalikuwa yanaisha kabla ya chakula.

Siku moja alikuja Mtanzania, mtu wa Tanga, mstaarabu, shati limepigwa pasi. Akaagiza samaki na bugali. Kabla hajaenda kunawa akawageukia jirani zake wa meza ya pili akasema, kwa adabu tu ya kwao, "Karibuni." Mungu wangu. Aliporudi kutoka kwenye bomba, alikuta mifupa.

Akaja jikoni kwangu mikono bado inachuruzika maji. "Mama, hawa watu wako hawajui kukataa?"

"Na wewe, baba, hujui kunyamaza?"

Hakurudi tena, na simlaumu.

Lakini bingwa wa wote alikuwa Mama Saloni, ndivyo tulivyomwita sote, na yeye aliniita Mama Resto. Saloni ilikuwa yake, ukuta wetu ulikuwa mmoja, tena wa mbao nyembamba kiasi kwamba nilijua wateja wake wanamsengenya nani. Yeye ni Mrundi wa Bujumbura. Uvira na Bujumbura tunaangaliana ng'ambo ya ziwa, giza likiingia unaona taa za kwao, kwa hiyo tunagombania samaki wale wale tangu enzi za bibi zetu. Kila adhuhuri alimwacha mtu chini ya mashine ya kukausha nywele, akaingia kwangu na "Bwana asifiwe" yake ndefu, akawa anapita kati ya meza polepole, akiuliza habari za watoto. Meza ya maharage walimkaribisha, hakusikia. Meza ya ndagala walimkaribisha, akasema anakuja. Meza yenye samaki wakifungua mdomo tu, alikuwa ameshanawa. Na mkono wake haukupotea njia hata siku moja, ulikwenda moja kwa moja kwenye kichwa. Kichwa ndicho chenye utamu wote, asikudanganye mtu. Miaka yote ile hakuninunulia hata kijiko cha pilipili.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee wa Kihindi ambaye mtaa mzima tulimwita Anko. Yeye ndagala alizikimbia kwa pua, kwa hiyo hakuingia, alisimama barabarani na kuhesabu vichwa kupitia dirishani. Nikimwambia, Anko, kodi nivumilie kidogo, biashara ni ngumu, alinyoosha kidole kwenye kioo.

"Ngumu? Watu wamejaa mpaka mlangoni! Duka langu mimi halijawahi kujaa hivyo hata siku ya Diwali."

Ungemwelezaje mtu kama yule? Nilijaribu. Nikamwambia wote hawa wanakula sahani mbili. Akanitazama kama fundi anavyomtazama mteja anayesema gari limejiharibu lenyewe.

Halafu asubuhi moja, mwanzoni mwa mwezi wa tano, akanisimamisha nje na kuniambia kwa upole kwamba mwisho wa mwezi wa sita atakitaka chumba chake, isipokuwa kama nitakuwa nimemlipa yote. Kuna mtu amekiomba. Nikauliza ni nani. Akaangalia matairi, akaangalia robot, zile taa za barabarani, akaangalia viatu vyake. Kisha akasema ni jirani yangu. Jirani yangu amemwambia anakula kwangu kila siku na anaona mwenyewe jinsi ninavyohangaika.

Anakula kwangu kila siku!

Niliingia saloni na mwiko mkononi. Mama Saloni alikuwa ameshika kichwa cha msichana wa Kizulu, kimesukwa nusu. "Nyoka wewe!" nikamwambia. "Kichwa cha samaki wangu bado kiko tumboni mwako, na ulimi unakwenda kwa Anko!"

Hakuacha kusuka. Yule ni mtu baridi, Mrundi halisi. "Mama Resto, tuliza moyo. Nilikuona unakufa. Ukifa, Anko ataweka hapo chumba cha kupigia simu, kelele tangu asubuhi. Si afadhali nikichukue mimi tunayejuana?"

"Sijafa!"

"Bado," akasema, akachukua uzi mwingine wa nywele.

Yule msichana akasema eish, pole pole, maana ule mwiko wangu ulikuwa unapita karibu na sikio lake. Nikatoka, na kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Tukaanza vita. Mume wangu ndiye aliyekuwa na mawazo, kwa sababu kwenye maegesho yake anakaa siku nzima akiangalia migahawa ya watu wenye pesa kupitia vioo. "Mke wangu," akasema, "kule mzungu anakula peke yake, macho kwenye simu, wala hamuoni anayeingia. Unajua kwa nini? Meza yake ni ndogo." Basi Jumapili baada ya kanisa tukakata meza zetu kwa msumeno. Tukazibandika ukutani, kila moja na kiti chake, mtu aketi akiangalia rangi ya ukuta. Jumatatu wateja wakaingia, wakacheka, wakauliza kama kuna mtihani. Kisha kila mmoja akageuza kiti chake, wakaweka sahani moja juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya chumba, wakaizunguka. Ndoo yenyewe ilikuwa yangu ya maji ya kunawa.

Tukapunguza sahani. Nikanunua visahani vya kuwekea keki, nikafikiri, hivi vitawashinda kugawana. Wakagawana. Walichofanya ni kula haraka zaidi.

Ndipo nikatoa amri. Nikasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, nikatangaza: ndani ya resto hii, kuanzia leo, atakayesema karibu atamlipia sahani aliyemkaribisha. Wanaume wale wamevuka mipaka, wamelala kwenye makambi, wamelinda magari ya watu kwenye mvua, sijawahi kuwaona wameogopa namna ile. Adhuhuri ile wakala vichwa chini. Mtu akiingia, waliokula waligeuza macho ukutani. Walioingia wakaona hakuna karibu, wakaagiza. Kila mtu na sahani yake! Nilikuwa jikoni naimba.

Bahati yangu ikamleta pasta wetu.

Aliingia na uso wake wa furaha, akangoja. Hakuna aliyeinua kichwa. Akatazama meza ya kwanza, ya pili, wote kimya, wanatafuna tu kwa huzuni. Nikaona furaha inamtoka usoni. Akavua kofia, akashusha sauti.

"Ni nani?" akauliza.

Hakuna aliyejibu, maana kitu cha kwanza ambacho kingewatoka mdomoni ni karibu.

"Ni wa hapa, au amefia nyumbani?"

Dada mmoja wa kwaya, mdomo umejaa sombe, akashindwa kujizuia. Akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kuruka. Alikuwa anacheka, lakini pasta angejuaje? Akaenda mbio, akamwekea mkono kichwani, akaanza kuombea marehemu. Ninyi mnaojua maombi ya kwetu mnajua hayana haraka. Aliombea marehemu, akaombea wajane, akaombea nauli ya wale watakaosafirisha mwili. Mimi nimesimama mlangoni mwa jikoni na sahani mkononi, bugali unapoa, siwezi kusema kitu kwa sababu huwezi kumkatiza mtu wa Mungu. Aliposema amina, mzee mmoja pale kwenye kona uvumilivu ukamwisha.

"Karibu, pasta!" akapiga kelele. "Hakuna aliyekufa, karibu tukule!"

Na chumba kizima kikalipuka, karibu pasta, karibu pasta, karibu huku, utadhani walikuwa wamefungiwa pumzi. Pasta akala meza zote. Mama Saloni, aliyesikia kelele kupitia ukutani, akaja naye, akanawa. Amri yangu ilizikwa siku ile, na maombi yake yalikuwa yameshafanyika.

Mwisho wa mwezi wa sita ukafika, na kodi yote haikufika. Siku ya mwisho watu wote walikuja kuniaga. Walilia kweli, walinikumbatia, walisema Durban nzima hakuna mkono kama wangu. Wakanunua sahani moja ya kuniaga. Nikawapelekea maji.

Anko alipochukua ufunguo hakunitazama machoni. Nikamsikia anapumua kwa mdomo.

Siku zilizofuata nilikaa ndani. Niliona mume wangu amelifua jaketi lake la akiba na kulianika dirishani, pale ambapo mtu hawezi kutolitazama. Niliumia. Sioni haya kusema. Nililia kwa ajili ya chumba kile kuliko nilivyolia kwa vitu vingine ambavyo mtu angetegemea nivililie.

Kisha nikakumbuka sufuria yangu kubwa. Ile ya bugali, nzito, niliisahau nyuma ya mlango. Sikutaka kumwona yule mwanamke, lakini sufuria kama ile huipati Durban. Nikaenda mchana, nimejiandaa kwa maneno.

Ukuta wa mbao haukuwepo tena. Pale jiko langu lilipokuwa, sasa viti vya kusukia, wanawake wamejaa, wasukaji wamewasimamia. Mama Saloni alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, mbele yake bani, ule mkate wa Wahindi uliotobolewa tumbo na kumiminiwa mchuzi. Alikuwa anaula bila raha. Akainua macho, akaniona.

"Karibu," akasema.

Shetani huyu! Alijua. Aliyekukaribisha chakula huwezi kumtukana kabla hujanawa, hata kama amekunyang'anya dunia. Nilisimama nikitafuta njia ya kutokea, sikuipata. Nikanawa kwenye sinki la kuoshea nywele. Nikaketi. Tukala ule mkate upande wake na upande wangu, na ulikuwa mtamu, jambo lililoniudhi zaidi.

"Mama Resto," akasema, "unaniona nimekonda?"

"Hujakonda."

"Nimekonda. Na hawa wananiua." Akaonyesha wateja kwa kidevu. "Kusuka ni tangu asubuhi mpaka jioni. Zamani walikuwa wanasikia harufu yako, wanajipa moyo, wanajua wakimaliza watakula. Sasa wananitoroka. Jana mmoja ametoka na kichwa nusu kwenda kutafuta chipsi, mpaka sasa sijamwona. Anatembea hivyo hivyo huko Durban, na watu wanamuuliza nani amekusuka."

Nilitaka kununa. Nikajikuta nacheka mpaka mchuzi ukaniingia puani.

Akanipa kona, kule nyuma, karibu na sinki. Tulipatana kwa ukali, tena mbele ya mume wangu. Mimi nitamchangia kodi. Yeye atanunua sahani yake, kila siku, kama mtu mwingine yeyote. Nami nikaongeza: "Kati yangu na wewe hakuna karibu."

"Hakuna," akasema.

Tukatundika pazia nene nywele zisiruke kwenye chungu, nikafunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, na nikaanza. Na siku ya kwanza tu ndipo nilipoona kitu ambacho mimi na mume wangu na msumeno wetu hatukukiona.

Nilimpelekea mteja wa kwanza sahani mapajani. Akamega bugali, akamwangalia jirani yake, akasema kwa moyo wote, "Karibu, mama!" Jirani akataka kuinuka. Msukaji akavuta. Kichwa kikarudi nyuma. "Asante, dada," jirani akasema akiangalia dari, "nimeshikwa." Kisha akaniita mimi. "Mama, niletee na mimi."

Mungu wangu! Safu nzima ya wanawake, wote wana adabu, wote wanakaribishana, na hakuna hata mmoja anayeweza kunyanyuka. Kila kichwa na sahani yake. Wengine walikula shingo zimepinda, tonge linapanda hewani kutafuta mdomo, lakini walikula, na walilipa. Hata wale wanaume wangu wa zamani walianza kuja kuchungulia mlangoni, wanaona aibu kuingia saloni ya wanawake, wakanunua vya kubeba. Pasta alinunua akiwa ameangalia juu muda wote, akagonga kizingiti. Anko alikuja kwa ajili ya kodi, akapewa yote, akazihesabu pesa mara mbili huku amebana pua. Mume wangu aliliondoa lile jaketi dirishani.

Mama Saloni alishika ahadi. Kila adhuhuri alininunulia sahani yake, akaila kwenye kona yake, mimi nikiwa kwenye yangu. Hakunidai, sikumdai.

Kisha siku moja nilimaliza kugawa, nikaangalia ndani ya chungu, nikakuta kumebaki. Samaki mmoja, mzima, na bugali wake. Nyie hamjui maana yake. Kule kwenye resto yangu sijawahi kubakiwa na kitu, walikwangua mpaka ukoko, mimi nilikula mkate nyumbani. Nikajipakulia. Nikatoka nje ya pazia, nikaketi kwenye kigoda, sahani mapajani, na kabla sijafikiri mdomo wangu ukafanya kazi yake.

"Karibuni," nikasema.

"Asante, mama," wakajibu kutoka kila upande, vichwa vimeshikwa, macho kwenye dari. "Tumeshikwa, mama. Asante." Na hakuna aliyekuja.

Ndicho nilichokuwa nimekitaka. Nilikata meza kwa ajili ya hicho, nilitoa amri kwa ajili ya hicho. Nikamega bugali na nikashindwa kumeza. Nilitamani hata wale wanaume wenye kelele waingie wote, na shemeji zao, waimalize sahani yangu mbele ya macho yangu. Nikaweka tonge chini.

Mama Saloni alikuwa katikati ya kichwa cha mtu, na sahani yake alikuwa ameshaila zamani, niliiona tupu pale kwenye kona. Akachomeka kitana kwenye nywele za yule mteja kikabaki kimesimama. Akaenda kwenye sinki. Akanawa mafuta mikononi, polepole, akajifuta, akavuta kigoda mbele yangu.

"Si tulisema hakuna karibu?" nikamwambia.

"Umesema karibuni. Nimesikia," akasema. "Sina njaa hata kidogo."

Akachukua kichwa cha samaki, nyoka yule, na mimi nikamsogezea pilipili.